Mwezi Mama Alipokataa Kuninyoa

Nianzie mwishoni, ili usiruke kurasa kutafuta kama nilikufa. Sikufa. Dripu ya mwisho niliipata wakati wa zile mvua za radi za kila alasiri, picha ikapigwa, daktari akasema ni safi, na sasa nimerudi shuleni ambako nimefeli hesabu kama mtu mwenye afya kabisa.

Naandika kwa ajili yako uliyeketi kwenye lile benchi la kusubiri dripu sasa hivi, wewe au mama yako. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu vile vikaratasi vya hospitali havina Kiswahili, na kwetu Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, nyumba nzima inagombana kwa Kiswahili. Mimi ni Furaha. Ndiyo, wauguzi wote walishafanya huo mzaha, usijisumbue.

Uvimbe ulianza shingoni wakati wa baridi, majani ya Joburg yakiwa rangi ya mkate mkavu. Niliuita Mpangaji, kwa sababu alihamia bila kuomba na hakuwa na dalili ya kuondoka. Nilimchezesha kwa kidole darasani ili wasichana wapige kelele. Kisha nikaanza kuamka shuka limelowa kama nimeogelea, sketi ya shule ikaanza kuzunguka kiunoni, na mzaha ukanikauka mdomoni.

Siku ya majibu, daktari aliongea Kiingereza polepole, akaniangalia mimi, kisha Mama. Mama naye akaniangalia mimi, akisubiri. Ndipo nilipoelewa kwamba ni mimi wa kutafsiri.

"Anasema ni ugonjwa wa tezi," nikasema.

Mama ni mtu wa Uvira, Kongo, na Kiswahili chake hakijawahi kuhama huko. Akasema, "Ule daktari alisema neno ingine. Miye nimesikia. Sema ile."

"Kansa, Mama."

Hakulia. Alichukua mkoba wake sakafuni, akaupakata, akaushika kwa mikono miwili kama yuko mahali penye wezi. Mimi nilihisi miguu imeondoka, imebaki tu viatu.

Sasa sikiliza kuhusu nywele, maana kila kitu kilichofuata kilipita hapo. Mama ni msusi. Ana kiti chake katika saluni moja ya Wakongo hapa Rosettenville, na mikono yake inajulikana mpaka Kensington. Daktari alipotuambia kwamba kemo, yaani dripu ya kuua kansa, itaangusha nywele, Mama alitikisa kichwa kama fundi aliyeelezwa tatizo dogo. Jumapili kabla ya dripu ya kwanza alinikalisha kati ya magoti yake, akanisuka kwa meshi ndefu, zile nywele za bandia, kaza kabisa, mpaka nyusi zangu zikapanda na nikaonekana mtu aliyeshangazwa na maisha.

"Kitu ikifungwa muzuri haianguke," akasema.

Msusi tu ndiye anayeweza kufikiria hivyo. Kwake nywele zote huanguka kwa sababu moja: mtu alisukwa vibaya.

Dripu yenyewe ina rangi nyekundu kama juisi ya watoto. Kama wewe ndiyo unaanza: mkojo pia utakuwa mwekundu, usipige kelele chooni, mimi nilipiga na walinzi wakaja. Mdomo utaonja sarafu. Nyayo zitaanza kuchomachoma, kisha zitakuwa kama umevaa soksi ambazo huwezi kuvua. Na utaogopa viti. Katika kile chumba kila mtu ana kiti chake, na kiti kikikaa bila mtu mara mbili mfululizo, hakuna anayeuliza. Wote tunaangalia televisheni kwa bidii, hata ikiwa imezimwa.

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa cha Preshni, msichana wa Lenasia, mkubwa wangu kidogo, mwenye kansa ya damu na kichwa kipara kinachong'aa. Alikuja na bibi yake. Watamil wa huku humwita bibi Aya, na mimi pia nilimwita hivyo. Aya alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kuuza samaki na nywele nyeupe zilizofika kiunoni. Alikulia kwenye mashamba ya miwa ya Natal, kwa hiyo alijua Kizulu. Mama amejifunza Kizulu kwa wateja. Wakawa wanaongea hicho, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

Aya alikuwa amejiandaa maisha yake yote kwenda Tirupati, mji mtakatifu wa India ulio chini ya vilima, na kwenda huko katika mwezi wao mtukufu wa Purtassi, ambao kwetu huingia miti inapoanza kuchipua. Mwezi huo hawali nyama, na Jumamosi zote ni za hekaluni. Mwaka huu ndio angekwenda. Kisha Preshni akaugua.

"Basi nikasema, Tirupati itanisamehe," Aya alimwambia Mama. "Kila Jumamosi ya Purtassi nitamchukua huyu kwenye hekalu moja la hapa Johannesburg. Nitaukusanya ule mji vipande vipande."

"Njoo na sisi," Preshni akaniambia. "Kuna chakula."

Mama alielewa kabla sijatafsiri. "Hapana," akasema kwa Kiswahili, akitabasamu kwa Aya. Njia nzima ya kurudi nyumbani alinieleza kwamba ameokoka, kwamba mimi nimeokoka, na kwamba hatutaongeza mapepo juu ya kansa.

Baba ndiye aliyegeuza mambo. Baba ni mlinzi Sandton na mzee wa kanisa letu, anarudi asubuhi na maneno machache. Akavua viatu, akasema, "Mtoto anakaa ndani kama gunia. Mwache atoke. Sista amesema nini?"

Sista, muuguzi mkuu wa wadi, alikuwa amesema damu yangu ikiwa nzuri naweza kutoka, nivae barakoa, niwahi kabla ya umati.

"Basi nitaenda naye," Mama akasema. "Nimuchunge."

Hivyo ndivyo mke wa mzee wa kanisa alivyoenda kwenye hekalu la Kihindu Lenasia Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi, akiwa na begi lake la saluni magotini. Alikataa kushuka. Alibaki ndani ya gari dogo la Aya, vioo vimefungwa, akiomba kwa nguvu mpaka vioo vikafanya ukungu. Waumini waliopita walimwinamia kwa heshima. Nadhani walidhani ni mgonjwa.

Mimi niliingia na Preshni. Kulikuwa na harufu ya kafuri na nazi zilizopasuliwa, kengele, mashada ya maua ya njano, na mungu mweusi mwenye mikono minne. Nilimwambia Preshni kwamba Mama akimwona huyo atamwonea wivu, angesuka wateja wawili kwa wakati mmoja. Preshni alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha nikainama mlangoni kuchukua viatu vyangu, na kitu kikaanguka mbele yangu sakafuni.

Mtoto mmoja akapiga yowe. Alidhani ni nyoka. Hata mimi nilidhani ni nyoka.

Ilikuwa rasta yangu moja, nzima, ndefu, na kwenye shina lake nywele zangu zenyewe na kimzizi cheupe. Haikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Preshni aliitupia shali yake, akaiokota pamoja nayo, akanipa kama mtu anayerudisha kalamu. "Yangu ilianzia kwenye supu," akasema.

Nje, watu walikuwa wakila kwenye majani ya mgomba. Sikuwa nimeonja kitu tangu dripu ya kwanza, kila chakula kilikuwa bati. Aya akanipa wali wa ukwaju kwenye kopo la aiskrimu, nami nikapeleka garini ili Mama aone kabla sijala. Alilitazama kopo kama bomu. Nikamwambia, "Mama, wali unanukia. Nasikia harufu ya chakula." Midomo yake ilicheza, nadhani alikuwa akibishana na Mtume Paulo kuhusu chakula cha sanamu. Kisha akatazama mikono yangu, jinsi mifupa ilivyokuwa imetoka.

"Kula," akasema. "Nitaongea na Mungu miye mwenyewe."

Nilikula lote. Ndipo nikamwonyesha rasta.

Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza. "Ni moja tu," akasema.

Haikuwa moja. Wiki hiyo zilitoka kama meno ya mzee. Na badala ya kuzitoa, Mama alichukua sindano na uzi, akawa anazishonea zilizoanguka kwenye zile zilizobaki, jioni baada ya jioni, mpaka kichwa changu kikawa kizito na ngozi chini yake ikawa inavutwa na vidonda vikaanza. Nilimwambia inauma. Alilegeza kidogo, akafunga kitambaa juu.

"Ninyoe tu, Mama."

"Kwetu wananyoa nani?"

Nilijua. Nilikuwa mdogo tulipomzika babu kule Uvira, lakini nakumbuka shangazi zangu wamepangwa kwenye mkeka, wembe na beseni la maji, na jinsi sura zao zilivyogeuka za watu wengine. Kwetu kichwa cha mwanamke kikinyolewa ni matanga. Mtu akikutana nawe hakuulizi habari, anakupa pole.

"Nikikunyoa," Mama akasema, "ni kama nimekubali."

Ungetegemea niseme kwamba nilimcheka. Sikumcheka. Nilikuwa nimeficha mkasi wa shule chini ya godoro, na kila asubuhi niliutoa, nikaushika, nikaurudisha. Niliogopa kuona zile sura za shangazi kwenye kioo changu.

Jumamosi ya pili tulikwenda hekalu dogo la zamani la mabati, upande wa kaskazini. Safari hiyo Mama alifungua kioo nusu. Aya alipita karibu yangu, akanusa, akasimama. Alimwambia Mama kwa Kizulu, bila kuzungukazunguka, "Kichwa cha mtoto kinanuka."

Mama akafunga kioo.

Siku iliyofuata homa ilipanda. Kama unapata kemo, sikia hapa hata kama hutasikia kingine: homa si ya kusubiri. Usinywe kidonge ukalala. Nenda. Sisi tulikwenda, Baba akiwa bado na sare ya ulinzi, na nilipofika nilikuwa natetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Chembe nyeupe za damu, zile za kupigana, zilikuwa karibu zimekwisha, na wadudu walikuwa wameingilia kichwani, kwenye vidonda vya chini ya rasta. Walinitundikia dawa usiku na mchana. Nilijaribu kumtania Sista kwamba hatimaye nina kitu kichwani. Hakucheka, akaniwekea mkono shavuni, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Nilipopata nafuu daktari alisema wazi, nami nikatafsiri wazi, maana nilishachoka kupunguza maneno. "Anasema nywele zote zitoke, kidonda kikauke. Kisipokauka, dripu ijayo haitawekwa. Na dripu zikikatika katikati, Mpangaji anarudi."

"Tunaweza kumnyoa hapahapa," Sista akasema.

Mama alipotafsiriwa alisimama. "Mwambie miye ndiye msusi. Nitafanya nyumbani."

Nyumbani hakufanya. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakata rasta zilizokuwa zimelala juu yake, zingine akaziacha. Ijumaa Baba alirudi kutoka kazini akanikuta bado nina kitambaa. Akauliza, "Bado?"

"Nitafanya."

"Lini? Akishakufa?"

Mama aliweka sufuria chini. "Usiseme neno hilo mu nyumba yangu."

"Wewe ndiye unayelisema," Baba akasema. "Kila siku ukiangalia kichwa chake unalisema." Akaingia chumbani na viatu miguuni, jambo ambalo hafanyi. Nilibaki nimekaa kati ya Mama na mlango wa chumbani, nikihesabu kimoyomoyo ni siku ngapi zimebaki kufika Jumanne ya dripu. Nilikuwa naogopa kufa, ndiyo, lakini wakati ule niliogopa zaidi kwamba nitakufa na Mama ajue ni kwa sababu gani.

Sikutegemea twende hekaluni tena. Ila ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Purtassi, na Aya alikuja mwenyewe mlangoni, akapiga honi kama teksi. Mama akachukua begi lake la saluni, akaingia mbele. Nadhani nyumba ilikuwa imemshinda.

Tulirudi kwenye lile la Lenasia. Safari hii ua ulikuwa umejaa, jakaranda zimeanza kutoa maua, na chini ya turubai kulikuwa na foleni ya watu waliotaka kunyolewa. Preshni alinieleza: kule Tirupati watu hunyoa nywele zao zote na kumpa mungu, kama shukrani au kama ahadi, na huku hufanya hivyohivyo hekaluni. Wazee, wanaume, watoto wa mwaka mmoja. Walitoka chini ya turubai vichwa vimepakwa msandali wa njano, wakipigana picha. Kitoto kimoja kilikuwa kinajipapasa kichwa na kucheka peke yake.

"Na wewe?" nikamuuliza Preshni.

"Mimi mungu alishachukua zangu bila kuuliza. Ni Aya anayenyoa leo."

Aya alitazama foleni, akatutazama sisi na barakoa zetu. Hatukuruhusiwa kukaa kwenye umati. Akaenda kwenye dirisha la gari, lililokuwa wazi lote.

"Mama Furaha. Hiyo begi ina mashine?"

"Ina."

"Basi ninyoe wewe. Pale nyuma, kwenye bomba. Hawa watoto wasisimame hapa."

Mama aliangalia hekalu, akaangalia begi. "Ni ya mungu wako," akasema.

"Nywele ni za mungu wangu. Kazi ni yako. Hujawahi kumsuka Mwislamu?"

Mama akashuka. Ilikuwa mara ya kwanza mguu wake kugusa ua ule, na aliuweka chini taratibu kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Nyuma ya hekalu kulikuwa na bomba na ndoo iliyopinduliwa. Alimwonyesha Aya ndoo. "Hlala," akasema, yaani kaa. Aya akafungua fundo lake, zile nywele za miaka yote zikashuka mpaka karibu na ardhi, na Preshni akatandaza kitambaa cheupe ili zisiguse chini.

Niliona Mama akigeuka fundi. Alizipima uzito kwa mkono, akazisifu, akazikata kwa mkasi kwanza, kisha mashine. Aya, akiwa nusu kipara, akasema, "Kwenu mnanyoa lini?"

Mkono wa Mama ukasimama. "Mutu akikufa."

"Kwetu pia," Aya akasema. "Baba akifa wananyoa. Mtoto akizaliwa wananyoa. Mtu akipata chawa wananyoa. Endelea, nasikia baridi upande mmoja."

Mama akaendelea. Alipomaliza alifungua bomba, akamwosha kichwa kwa viganja. Aya alisimama, akajipapasa, akaanza kucheka kwa ile sauti yake ya samaki. Alikuwa mbaya sana. Masikio yalikuwa yametoka kama mishikio ya sufuria, nami nilimwambia, akanipiga kofi la mgongo. Hakuonekana mtu wa matanga hata kidogo.

Mama alikuwa amesimama na mashine mkononi. Akachukua pamba na spiriti, akaipangusa. Akaipangusa tena. Nilipomwona akiipangusa mara ya tatu, nilijua ni zamu yangu.

"Furaha," akasema. "Kaa."

Nilikaa. Nilishika kingo za ndoo. Alifungua kitambaa, akakata rasta moja baada ya nyingine na nyuzi alizoshona mwenyewe, na kila aliyoikata nilihisi shingo inakuwa nyepesi. Mashine ilipogusa ngozi nilifumba macho. Nilisikia anapumua kupitia puani, karibu sana. Alizunguka kidonda kama anavyozunguka sikio la mtoto mchanga. Hakunikwaruza hata mara moja.

Preshni akasogeza kile kitambaa cheupe. Mama akatikisa kichwa.

"Hapana. Mungu wake achukue zake. Hizi zinarudi nyumbani." Akazitia kwenye mfuko wa plastiki. Aya alipokuja na msandali wake wa njano kidoleni, Mama alimzuia kwa mkono, kwa upole, akaweka dawa ya hospitali.

Kioo nilikitafuta kwenye dirisha la gari. Sikuwaona shangazi. Niliona kichwa kidogo chenye kovu nisilolijua na macho yaliyoogopa, na nyuma yake Mama, anaangalia kazi yake.

Jumanne kidonda kilikuwa kikavu na dripu ikashuka, nyekundu vilevile, na dripu zilizobaki zikaifuata. Lakini kabla ya Jumanne kulikuwa na Jumapili. Sista alikuwa ameniruhusu kwenda kanisani nikae karibu na mlango. Nilivaa kitambaa. Tulipofika uani Mama akakifungua, akakikunja, akakiweka mkobani. Sijui aliamua lini.

Kina mama walituona. Nyimbo zilikatika upande wa mlango kwanza. Mmoja wao, rafiki wa Mama wa tangu Uvira, alikuja akiwa tayari na machozi, akamshika mikono.

"Pole, Mama Furaha. Matanga iko wapi? Nani?"

"Hakuna matanga," Mama akasema. "Nilimunyoa miye mwenyewe."

Mama akauchukua mkono wa rafiki yake. "Gusa. Gusa kichwa, uone kama iko na homa."

"Kwanza mikono," nikasema, nikatoa chupa yangu ya jeli ya hospitali, nikamminyia kiganjani.

Alisugua viganja, akagusa. Nyuma yake wengine walikuwa wameshasimama kwenye mstari, mikono mbele, wakisubiri jeli.